Barafu na Taa Wawili wa Bintiye

Mtaani walimwita Barafu, na hata mkewe, akitaka kumchokoza, alimwita hivyo hivyo. Jina hilo alilipata kazini. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa mpakiaji, kisha msimamizi wa zamu, katika ghala la baridi la kiwanda cha samaki. Lilikuwa jengo refu lisilo na dirisha hata moja, lenye milango minene kama magodoro, ambamo masanduku ya minofu na kamba yalipangwa hadi karibu na dari na pumzi ya mtu ilitoka kama moshi. Wenzake waliingia humo na kipimajoto. Barafu aliingia na mkono. Alivua glavu, akaweka kiganja juu ya sanduku, akafumba macho kidogo, kisha akasema, "Hili sawa," au, "Hili limetoa jasho, litoeni." Akishasema, hakuna aliyebisha.

Sanduku lililotoa jasho, yaani lililoanza kuyeyuka, halikurudishwa mahali pake. Lilipelekwa nyuma ya jengo likamwagwa. Wako waliofukuzwa kazi kwa sababu tu waliuacha mlango wazi wakipiga soga, na Barafu hakuwahi kumwombea msamaha hata mmoja wao. Kwake, chakula kilichogandishwa kikayeyuka kilikuwa uchafu, na hakukuwa na mjadala. Hata nyumbani, mkewe alipotoa nyama kwenye friza ili aipike baadaye, yeye alizunguka jikoni akinusanusa.

"Unatafuta nini humo?" mkewe aliuliza.

"Hiyo nyama imekaa nje."

"Imekaa nje ili iyeyuke, baba watoto. Ulitaka niikate kwa msumeno?"

Kisha kiwanda kilinunua mitambo mipya, masanduku yakaanza kusafiri yenyewe juu ya mikanda, na Barafu akastaafishwa kabla ya wakati wake. Huko nyumbani hakukuta kazi yoyote inayomsubiri. Vikombe vilimponyoka. Vifungo vya shati vilimshinda, akawa anavaa fulana. Siku moja alibeba sufuria kutoka jikoni bila kitambaa, akaitua mezani taratibu kana kwamba ilikuwa bakuli la matunda, na baadaye tu, alipoona malengelenge, akauliza yametoka wapi.

"Mikono yako ni ya kubebea masanduku, siyo vyombo vyangu," mkewe alimwambia, akimpokonya sahani. Hakusema kwa ubaya. Lakini kidogo kidogo watu wa nyumba ile waliacha kumpa kitu chochote mkononi. Mlango alifunguliwa, chai alimiminiwa, redio aliwashiwa. Alikaa sebuleni mikono imelala mapajani, kama vibarua wawili waliosahauliwa langoni.

Sebuleni humo, ukuta mzima wa upande wa jikoni ulikuwa na tangi la kioo la binti yao. Binti huyo alikuwa mpishi wa hotelini, na tangu alipoanza kujitegemea, kila alichopata alikimalizia kwenye maji yale. Ndani ya tangi waliishi taa wawili. Si taa wa baharini ambao wavuvi huwaleta sokoni, bali jamaa zao wadogo wa mtoni, wasiotaka chumvi: samaki bapa, wa mviringo kama sinia, wenye madoa ya rangi ya mchanga mgongoni na mwiba wa sumu katika mkia. Yule jike, binti alimwita Shangazi, kwa kuwa lilikuwa nene na lilijua kujipenyeza palipo na habari. Dume alimwita Mjomba, kwa kuwa lilikuwa kimya na lilikuja wakati wa kula tu.

Siku binti alipopata kazi katika meli ya abiria, kazi ambayo ingemweka mbali kwa miezi mingi, swali lilikuwa moja: nani angewalisha?

"Msinitazame mimi," mama yake alisema. "Mimi na kitu chenye mwiba mkiani, mbalimbali."

Binti hakumtazama yeye. Alikwenda akakaa karibu na baba yake, akaweka mezani bakuli lenye kamba waliotoka kwenye friza.

"Baba, nisikilize. Hawa hawapewi chakula kikiwa na barafu. Asubuhi unatoa kamba kwenye friza, unawaweka kule chini ndani ya friji. Jioni unawatia katika maji ya vuguvugu kidogo. Kisha unambonyeza kila mmoja katikati, hapa. Ukisikia kigumu ndani, bado. Ukisikia laini mpaka katikati, unamkata, unashika kwa koleo, unawapa."

"Toka asubuhi hadi jioni?"

"Ndiyo."

"Mwanangu, kule kazini mtu akiacha kamba namna hiyo, kesho yake hatukumwona."

"Kule kazini mlikuwa mnahifadhi, Baba. Hapa tunalisha."

"Na waliokuwa wananunua walikuwa wanawafanyia nini? Mapambo?"

Binti alicheka, lakini hakuliacha jambo lile. Alimweleza kwamba mtoni wanakotoka samaki hawa maji ni ya joto mwaka mzima. Kitu chenye barafu kikiingia tumboni kinaweza kukaa kama jiwe, samaki akavimba au akatapika. Akamvuta hadi kwenye kioo, akamwonyesha mgongo wa Shangazi. Nyuma ya macho, mgongo ulikuwa umeinuka, na uvimbe ule ulitikisika mara moja, kama mtu anayegeuka chini ya shuka.

"Ana mimba," binti alisema. "Hawa hawatagi, wanazaa. Nikirudi nataka nikute watoto wake."

"Kubonyeza tu?"

"Kubonyeza tu. Ndiyo maana nakuachia wewe, si mtu mwingine. Nani asiyeujua mkono wako?"

Tangu Barafu atoke kiwandani hakuna aliyeutaja mkono wake ila kwa kuulaumu. "Utawakuta," alisema. "Nenda salama. Utawakuta wote."

Siku za mwanzo alikuwa mtu mwingine. Aliamka mapema, akanyoa, akavaa shati lenye vifungo, akimwomba mkewe amfungie bila kuona haya. Mkewe alimsikia akizungumza na kioo. "Shangazi, habari za asubuhi? Subira, chakula kinakuja. Na wewe Mjomba, hujaonekana tangu jana."

"Sisi wengine hatusalimiwi siku hizi," mkewe alisema.

"Wewe una mimba?"

"Toka hapa, mzee mzima!"

Binti alipiga simu ya picha kila alipopata nafasi, na Barafu alimwelekezea samaki, mara nyingi akimwonyesha dari au dole gumba lake. "Wamekula?" binti aliuliza. "Wamekula, mama, wamekula," alijibu, na kweli walikuwa wanakula.

Hata hivyo, kulikuwa na jambo ambalo moyo wake haukulikubali. Kila alipofungua friji na kuwaona wale kamba wakilainika kwenye bakuli, maji ya rangi ya waridi yakijikusanya chini yao, alijikuta akitazama ndoo ya taka. Miaka yote ile alikuwa akimwaga kitu cha namna hiyo. Basi alifanya anachofanya mtu mwaminifu anapopewa amri asiyoiamini: aliitii kwa kuipunguza. Badala ya asubuhi, akaanza kuwatoa mchana. Badala ya mchana, alasiri. Hakuona kosa, kwa sababu mwisho wa yote ulikuwa mkono. Alimshika kila kamba kati ya dole gumba na cha shahada, akafumba macho, akabonyeza. Laini. Akambonyeza tena. Laini. Ndipo akakata, na kisu kilipokwama kidogo alilaumu makali yake.

Wa kwanza kukataa alikuwa Shangazi. Alikuja juu ya kipande, akakifunika kwa mwili wake, kisha akakitema na kuondoka. Barafu alisubiri. Kipande kilikaa juu ya mchanga, kikasukumwa na maji ya pampu na kuingia nyuma ya jiwe. Kesho yake alitema tena, na Mjomba naye akawa anameza shingo upande.

Barafu alipiga hesabu zake kwa akili ya ghalani. Mnyama anatema chakula. Chakula kina kasoro. Kasoro ya chakula cha friza ni moja tu, kwamba kimekaa nje mno. Akaona aibu kwamba alimsikiliza binti kuliko miaka yake yote ya kazi. Kuanzia siku hiyo aliwatoa kamba kwenye friza na kuwatia moja kwa moja katika maji ya vuguvugu, muda wa kunywa kikombe cha chai, akawabonyeza, akasikia laini, akawapa.

Shangazi hakutema tena. Alikuwa ameacha kuja kabisa.

"Baba, mbona amelala pembeni?" binti aliuliza siku moja, uso wake ukikatikakatika kwenye simu.

"Mimba hiyo. Mama yako alipokuwa na wewe hakuinuka kitandani."

"Mwongo," mkewe alisema kutoka jikoni. "Niliosha vyombo mpaka siku ya kujifungua."

"Unawayeyusha vizuri, Baba? Unabonyeza?"

"Mwanangu." Sauti yake ilibadilika. "Unaniuliza mimi kubonyeza?"

Binti aliomba radhi. Lakini baada ya simu ile alimtafuta fundi aliyemjengea tangi, kijana mrefu ambaye wateja walimwita Kioo, akamwomba apite nyumbani. Kioo alifika siku iliyofuata na begi lake la chupa ndogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wametumwa wapelelezi sasa?"

"Nimetumwa na wasiwasi wa binti yako tu, mzee wangu." Alichota maji kwenye bomba dogo la kioo, akadondoshea dawa, akalitikisa. Maji yaligeuka kijani kibichi, rangi ya hatari. Alichukua mrija, akafyonza mchanga nyuma ya jiwe, na vipande vya kamba vikatoka, vingine vyeupe, vingine vimeota ukungu kama pamba.

"Mzee, hivi vinaoza humu ndani. Maji yamejaa sumu yake. Kwa nini hawali?"

"Kwa sababu chakula cha kuyeyusha kimeharibika. Nilimwambia."

"Naomba nione unavyoandaa."

Barafu alifurahi kuombwa. Akatoa kamba kwenye friza, akawatia majini, akanywa chai yake bila haraka huku Kioo akipiga goti mbele ya tangi na kumwangalia Shangazi, ambaye kingo za mwili zilikuwa zimeanza kujikunja kuelekea juu kama karatasi karibu na moto. Kisha Barafu akamtoa kamba mmoja, akafumba macho, akabonyeza.

"Huyu tayari."

Kioo alimpokea. Akamvunja mara mbili kwa vidole. Kamba alilia kak! kama njiti ya kiberiti, na katikati yake palikuwa peupe, pakimetameta.

"Mzee, huyu ana barafu."

"Hana."

"Nimemvunja mbele yako."

"Lete." Barafu alichukua vipande, akavibonyeza kimoja baada ya kingine, uso wake ukiwa na utulivu wa mtu anayejua kazi yake. "Laini. Kijana, nilifanya kazi hii kabla hujazaliwa."

Kioo alimtazama mama mwenye nyumba, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Mama akauweka mwiko chini. Akaja, akachukua kipande kutoka kiganjani kwa mumewe, akashtuka kwa baridi yake, akampapasa mumewe shavuni nacho.

Barafu aliruka kama aliyepigwa kofi.

Akakichukua kile kipande, akakiweka kiganjani, akakikunjia ngumi, akasubiri. Akakirudisha shavuni mwenyewe. Akakishusha tena kiganjani. Alifanya hivyo mara kadhaa, shavu na kiganja, shavu na kiganja, mpaka maji yakamtiririka kwenye kifundo cha mkono na kuingia ndani ya shati.

"Tangu lini?" mkewe aliuliza kwa sauti ndogo. "Tangu lini husikii?"

"Mimi nasikia," alisema. "Nasikia laini."

Mkewe akakaa. Sasa aliona vyote kwa mpigo: vikombe, vifungo, sufuria, malengelenge, na alijiona mwenyewe akimpokonya vitu mikononi na kumcheka. "Yarabi," alisema. "Vidole vimekufa, na mimi nadhani ni uzembe."

Kioo alifanya kazi mpaka giza lilipoanza kuingia. Alibadilisha maji kwa awamu, akasafisha kichujio, akafyonza mchanga wote. Alisema ukweli bila kuupamba: dume huenda likapona, jike hakuwa na uhakika nalo. Tumbo limeteseka, maji yamelitesa, na mimba imechukua nguvu zilizobaki. "Usimpe chochote kwa sasa, mzee. Tusubiri."

Walisubiri siku chache. Barafu hakula vizuri. Alivuta kiti hadi mbele ya tangi na kukaa hapo ameshika tama. Asubuhi moja aliona kitu kidogo juu ya mchanga, kama kitufe chenye mkia, kisha kingine. Watoto wa Shangazi walikuwa wametoka, kila mmoja na madoa yake kamili, na hakuna aliyetikisika. Alifikiri wamelala. Alimwita mkewe aje kuona. Mkewe alitazama, akamwekea mkono begani, na alipouona uso wake Barafu akaelewa.

Shangazi alikufa mchana wa siku hiyo. Kingo zake zilikunjuka zenyewe, akatandaa sawasawa kama alivyokuwa siku alizokuwa mzima.

"Usimwambie hivi hivi," mkewe alisema. Walikuwa wamekaa kwenye kochi, simu katikati yao. "Sema umeme ulikatika. Hukatika kila siku, nani atabisha? Au sema ni mimi. Sema nilimwaga sabuni kwenye ndoo. Mimi ananijua, atanigombeza yaishe."

"Ananijua na mimi."

"Ndiyo maana nasema."

Barafu alitaka sana kukubali. Umeme ulikuwa njia rahisi. Angebaki yule yule mwenye mkono usiobishiwa, na binti angelia kwa ajili ya samaki tu. Simu ilipolia, mkewe alimtazama, naye akaipokea kwa vifundo vya vidole, kwa kuwa ncha hazikumsaidia.

"Baba! Leo tumetia nanga, mtandao mzuri. Nionyeshe Shangazi."

"Shangazi amekufa, mwanangu."

Binti aliisogeza simu karibu na uso.

"Na watoto wake. Nimewaua mimi. Niliwapa chakula kina barafu ndani."

"Lakini ulikuwa unabonyeza."

"Nilikuwa nabonyeza. Vidole havisikii. Havisikii kitu. Mama yako amenigusisha barafu shavuni ndipo nikajua."

"Tangu lini, Baba?"

"Sijui. Ningekuwa najua ningekuambia."

Kwenye kioo cha simu binti alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. Nyuma yake watu walipita na masinia, mmoja akamwita kazini, hakugeuka. Barafu alimsubiri amgombeze. Aliliona lile neno linakuja. Alikuwa tayari kulipokea.

"Nilikuamini wewe kwa sababu ya huo mkono," binti alisema hatimaye.

"Najua."

"Ningemwachia Kioo. Alijitolea mwenyewe, nikamwambia hapana, Baba yupo."

"Najua, mama."

Alilia kwa muda. Hakusema amemsamehe, wala hakusema hajamsamehe. Alipojifuta uso, sauti yake ilikuwa ya mtu mzima anayepanga kazi. "Nenda hospitali wakutazame mikono. Na Mjomba alishwe na Mama. Wewe usiguse chakula, Baba. Tafadhali."

"Sitagusa."

"Niahidi."

"Nimekuahidi mara moja, mwanangu. Ya pili ya nini?"

Simu ikakatika, na hawakujua kama ni mtandao au ni yeye.

Hospitalini daktari alimwambia afumbe macho, akamchoma vidole kimoja kimoja kwa pini. Barafu alisubiri achomwe mpaka daktari akamwambia amemaliza. Akaelezwa kwamba ni baridi ya miaka mingi, pengine na sukari imechangia, watapima. Na kwamba dawa zingeweza kuzuia yasizidi, lakini kilichokwisha kwenda hakirudi. Aliitikia kila neno. Njiani mkewe alimshika mkono, kisha akakumbuka, akamshika juu zaidi, karibu na kiwiko.

Mama ndiye anayemlisha Mjomba sasa. Asubuhi anawatoa kamba na kuwaweka chini ndani ya friji. Jioni anawabonyeza, akiwa na shaka anamvunja mmoja na kumgusisha mdomoni mwake. Kisha anapanda juu ya kigoda, roho mkononi, akiomba dua zote anazozijua, na kushusha koleo. Maji yakiwa yanazunguka, kipande huvutwa nyuma ya mawe kabla Mjomba hajakiona, kwa hiyo ni lazima pampu izimwe kwanza. Hiyo ndiyo kazi aliyobakiwa nayo Barafu.

"Zima," mkewe anasema.

Barafu anainama kwenye swichi iliyo ukutani na kuisukuma kwa kidole. Hawezi kusikia kama imeshuka au la. Anasogeza sikio karibu na tangi na kungoja mpaka mlio wa pampu ukome.

"Imezimika," anasema.